Riyali Niliyomtunza Muimbaji wa Flamenko

Skuli niliishia darasa la tatu, basi msitarajie kwangu maneno ya kitaalamu. Lakini flamenko naijua. Nimeisikia wiki tatu jikoni, hapa mtaani kwetu Mabela, mimi nakuna nazi na mjukuu wangu kasimama mbele ya friji, friji ndiyo hadhira yake.

Ukumbi mmoja wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos ulikuwa unatafuta mtu wa kuwaeleza watu muziki kabla onesho halijaanza, wakampa mjukuu wangu jioni moja ya majaribio, ya flamenko na opera. Baba yake, mwanangu wa kuzaa, hakupendezwa. Alimwambia ajaribu mara hiyo moja tu. Akiharibu, Jumapili, ambayo huku ndiyo siku ya kwanza ya kazi, aanze kazi ya ofisi kiwandani kwake Rusayl. Mtoto akaitikia vizuri, halafu akajifungia chooni kulia, akidhani mimi kiziwi.

Basi nikawa mwanafunzi wake. Alinifunza kuwa flamenko ni ya Andalusia, kusini ya Spania. Kuna watu waliotoka Bara Hindi zamani sana, wakahamahama na dhiki zao mpaka wakafika huko, wengine wafua chuma. Wakakuta nyimbo za wenyeji, na mahadhi yaliyobakia tangu Waislamu walipoitawala nchi ile, yote yakaingia chungu kimoja. Nikamwambia, "Kama sisi na taarabu yetu." Akacheka, akaliandika.

Nikamuuliza opera, ile michezo ya kuimbwa, inaingia wapi. Akasema watunzi wa opera, mabwana wa makoti, walizichota nyimbo zile wakazitia katika kazi zao. Na flamenko yenyewe ikatolewa majumbani na harusini ikapandishwa jukwaani, ikafika wakati wenye maonesho wakaiita opera, kwa sababu opera ilitozwa kodi ndogo. Hapo ndipo nilipowapenda watu wale. Ujanja huo hata sisi tungeufanya.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, mwanangu alikaa pembeni yangu kakunja mikono. Mjukuu akasema yake, sauti inamtetemeka, katikati akasahau, akamaliza mbio mbio. Moyo ukaniuma.

Kisha akatoka muimbaji, mwanamke mtu mzima, mnene kama mimi, akakaa juu ya kiti cha mbao na mpiga gita ubavuni. Alipofungua kinywa ilikuwa kama mtu aliyeporwa kila kitu akabakishiwa koo. Sikufahamu hata neno moja, na kila neno lilinichoma. Nikamkumbuka marehemu mume wangu. Nikaondoka kitini.

Kwetu, muimbaji wa taarabu akikugusa hukai kitako. Unamwendea pole pole, kwa madaha, mkono juu na noti yako, unamtunza. Mimi miguu ilishafika njiani kati ya viti, noti ya riyali juu, ndipo nilipohisi mwanangu ananivuta buibui.

"Mama, kaa. Unamharibia mtoto."

Maneno yale yaliniingia kama maji ya barafu, lakini nilikuwa nshafika mbele na watu wote wananitazama. Kurudi ni aibu, kusimama ni aibu. Nikanyoosha mkono. Muimbaji hakukata wimbo. Aliinama, akaipokea noti, akaichomeka kwenye nywele penye ua lake, akaivuta ile sauti mpaka nikaona vinyweleo vinanisimama.

Mjukuu alikuwa ukutani, mkono mdomoni, na mkubwa wa ukumbi anamnong'oneza. Nikajisemea, nimempeleka mtoto Rusayl kwa miguu yangu mwenyewe.

Wimbo ulipokwisha mjukuu akachukua maiki, wala hakupangiwa.

"Huyu ni bibi yangu," alisema. "Nilikuelezeni kuwa flamenko ilianza majumbani, watu wamemzunguka muimbaji, wanampigia makofi na kumtia moyo. Ilipopanda majukwaa ya opera, sisi tukawekwa vitini, kimya. Bibi kasahau kiti tu."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Watu walicheka, na yeye akawafunza kupiga makofi ya wimbo uliofuata, ukumbi mzima, hata mkubwa wao.

Tukirudi nyumbani, mwanangu alisimamisha gari penye taa nyekundu. Akasema kule Rusayl atatafuta mtu mwengine. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na kwa mdomo nikamwambia aongeze ubaridi wa gari.

Alhamdulillahi, kazi aliipata. Kila onesho mjukuu wangu ananiwekea kiti cha ukingoni, karibu na njia ya kwendea jukwaani. Watu anawaambia ni kwa ajili ya magoti yangu. Magoti yangu mazima.