Dorika wa Kwenye Picha ya Mto

Saa kumi na mbili asubuhi, Melkiori anafagia jengo la baraza la Kinyangiri. Akimaliza sakafu na mabenchi, anasimama mbele ya picha ya penseli iliyopigiliwa ukutani bila kioo. Anaipangusa kwa kitambaa, lakini kona ya chini haigusi. Hapo vumbi limelala.

Ni picha nzuri, wala huhitaji usomi kuliona hilo. Ng'ambo kuna migunga, vivuli vyake vimekolezwa hadi karatasi inang'aa. Mto ni wa kiangazi, hauna maji. Mchanga haukuchorwa kabisa. Umeachwa karatasi tupu, na bado jua lake linaumiza macho.

"Aliichora mzungu mpima ardhi, mwaka 1948," anasema Melkiori, aliyekuwa mpagazi wake. "Mimi nilimshikia mwavuli."

Kwenye kona yenye vumbi kuna kisima kilichochimbwa mchangani, kimezibwa kwa matawi ya miiba ng'ombe wasikivuruge. Kila mwanamke wa huku hupanga miiba kwa namna yake, na majirani hujua kisima ni cha nani. Hapa matawi ni mawili, yamepishana. Kando ameinama mwanamke mwenye kibuyu, mdogo kama punje ya mtama.

"Huyo ni Dorika, mke wangu. Mzungu alitaka kuiacha miiba bila kuichora. Nikamwambia, Bwana, iweke, bila miiba hicho kisima si chake."

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Dorika alichimba hadi kisima kikampita kimo, mchanga ukamporomokea. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakuwa na picha nyingine.

Ndipo Melkiori akaomba kazi hii ya ufagizi. Kwa miaka mitano alimpangusa Dorika kila asubuhi, kwa upole kuliko picha yote. Hakujua kwamba penseli hufutika kwa kitambaa. Siku moja akaona kichwa hakipo. Inauma hata kuiandika.

"Nimemfuta mwenyewe," anasema.

Karani Alute anaingia. "Shikamoo, mzee. Ile kona bado chafu. Bwana Shauri wa wilaya akija kukagua Jumatatu atakuachisha kazi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali vumbi limfunike kuliko mimi nimmalize."

Antipasi, fundi seremala, amemwahidi kioo baada ya mavuno, kwa mbuzi mmoja. Melkiori anaomba tu afike siku hiyo akiwa bado kazini.

"Kioo kikija sitapangusa," anasema. "Kabla hakijawekwa nitapuliza vumbi polepole, nione kama bado ameinama."