Sukari Niliyosingiziwa

Harufu ya sukari guru ikinijia, hata leo, sisikii utamu. Nasikia kidole cha Shangazi Mwanahawa kikipekua mdomo wangu. "Achama!" aliniamrisha mbele ya wanawake waliokuja kuchagua mchele nyumbani kwake Kilwa Kivinje, enzi za Mwingereza. Kwenye chungu chake cha sukari guru kulikuwa kumemegwa pande zima, naye alitaka kumjua mwizi. Binti yake Zubeda aliachama kwanza, meno meupe kwa mswaki. Kisha mimi, yatima wa kaka yake: magego meusi, moja limetoboka. "Meno yake yamemtaja," akasema shangazi, na wanawake wakaguna. Sukari ile sikuigusa. Chakula changu kilikuwa makopa, muhogo mkavu uliochemshwa, na kwa kuwa sikupewa mengi, nilizoea kuficha tonge shavuni nikalinyonya kutwa nzima nikitwanga, na usiku nikalala nalo. Nilikuwa nimebakisha juzuu moja tu ya Kurani nihitimu chuoni. Kesho yake nilirudishwa Miteja kwa bibi mzaa mama, na jina la mwizi likanitangulia.

Huko gego liliniuma hadi nikawa nagonga kichwa ukutani. Bibi akanipeleka zahanati, na dresa aliyeling'oa akaniuliza nilikuwa nakula nini. Nilipomweleza habari za shavuni, akatikisa kichwa. "Makopa yakikaa mdomoni yanageuka sukari, na sukari ndiyo inayoozesha jino. Tafuna bila kumeza, utaonja mwenyewe." Kidonda cha jino kilipopona nilitafuna. Utamu ulikuja polepole, na hasira ikaja nao.

Nikangoja Maulidi, wanawake walewale walipojaa uani kwa shangazi. Niliingia na bibi, nimebeba bakuli la makopa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Naomba uachame."

Wanawake wakacheka. Shangazi akakunja uso, lakini bibi akamwambia, "Mkubalie mtoto, Mwanahawa. Muhogo tu huo."

Nikamtia tonge mdomoni. "Usimeze mpaka nikwambie." Akatafuna, akatafuna, jasho likimtoka. Nikamuuliza anaonja nini.

"Tamu," likamponyoka.

"Basi hiyo ndiyo sukari niliyokuibia."

Kicheko kilikatika. Zubeda akaanza kulia, na hapakuwa na haja ya kumuuliza sababu. Nilifurahi, tena nafurahi bado. Lakini shangazi hakuniomba radhi wala hakunirudisha chuoni, na juzuu ile sikuisoma kwa mwalimu yeyote.

Siku hizi wajukuu wangu wanakula gubiti na biskuti, nami nawasimamia wasukutue na kupiga mswaki kabla ya kulala. Nyumbani kwangu mtoto hahukumiwi kwa meno yake. Mimi mwenyewe nimebaki na fizi. Shangazi alipofariki nilikwenda msibani, na kabla jeneza halijainuliwa tuliombwa sote tumsamehe marehemu. "Tumemsamehe," wakaitikia wenzangu. Mimi sikuachama.