Bi Kwa Nini na Simu ya Mshonaji

Katika kitengo cha uhalifu wa mtandaoni, mafundi wa kompyuta walimpachika jina la Bi Kwa Nini, wala si kwa mapenzi. Wao walisomea mitambo. Yeye peke yake alisomea elimu ya jinai, yaani kinachomsukuma mtu kutenda uhalifu. Akiingia ofisini, mazungumzo yalikatika. Meza yake waliisukuma hadi karibu na mlango wa choo.

Asubuhi hiyo mkuu wa kitengo alikuwa amekwisha kuamua. Picha za bibi harusi mtarajiwa akijaribu gauni, nusu uchi, zilisambazwa mtandaoni, na uchumba ukavunjika. Zilitoka kwenye simu ya mshonaji wake. Mshonaji alikuwa mahabusu, hataki kusema neno, na jioni angefunguliwa mashtaka.

"Simu yake, akaunti yake," mkuu alisema. "Unataka nini tena? Akuimbie?"

"Mshonaji gani anamwaibisha mteja, kisha anaandika jina la duka lake chini ya picha?"

"Mjinga."

"Au mtu anayetaka duka life. Simu haina kinyongo, Mkuu."

Mafundi wakaangua kicheko. "Nenda basi ukaihoji cherehani," mmoja alisema. "Iulize ililelewaje."

Dukani kwa mshonaji, Bi Kwa Nini hakupewa hata kiti. Washonaji watatu waliendelea na kazi kana kwamba hayupo. Punde mmoja akamaliza sketi, akaitundika, akachukua simu iliyokuwa juu ya meza ya kukatia, akaipiga picha sketi hiyo, akairudisha simu mezani. Hakubonyeza namba yoyote ya siri.

"Kila mtu huitumia?" Bi Kwa Nini aliuliza.

"Anayemaliza nguo ndiye anayepiga picha. Dada ndivyo alivyotuzoesha. Hata ile mliyoichukua ilikaa hapohapo, wazi."

"Na yule wa pasi?"

Pembeni, mdogo wake yule mshonaji aliyekuwa mahabusu alikuwa akinyoosha shati.

"Huyo? Aliharibu gauni, dada akamtoa kwenye cherehani. Sasa ni waziri wa mikunjo!"

Wote wakacheka. Pasi ikagongwa mezani kwa kishindo.

"Chekeni! Cherehani hizi tulizinunua wawili, mimi na yeye! Akanifokea mbele ya wateja kama mbwa!"

"Bibi harusi naye alikukosea nini?" Bi Kwa Nini aliuliza.

"Hakunikosea. Nilitaka dada aonje aibu, basi!"

Aliyekuwa ametoa utani akaziba mdomo kwa mkono.

Jioni mkuu alisaini karatasi ya kumwachia mshonaji bila kumtazama Bi Kwa Nini. "Umebahatisha," alisema.

Mshonaji alitoka akiwa amevimba macho. Bi Kwa Nini akamsogelea. "Uko huru, dada."

"Usiniite dada. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Ndani. Amekiri."

"Nilijua ni yeye tangu siku ya kwanza. Unadhani nilinyamaza kwa sababu sina mdomo? Nani alikutuma kwangu?"

Akageuka, akaenda moja kwa moja hadi kaunta. "Afande, andika. Picha nilituma mimi."

Afisa wa zamu akainua kalamu.

"Usiandike," Bi Kwa Nini alisema. "Watu watatu wamemsikia mdogo wake kwa masikio yao."

Mshonaji alimtemea mate miguuni. Afisa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akaiweka kalamu chini.