Ukuta wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikataa kushuka kutoka Kyarumba kuja kutibiwa macho mpaka nyumba yetu ipate ukuta. Wa nje tulikuwa nao. Alichotaka ni wa ndani, kati ya kitanda chetu na chake, wenye mlango na komeo. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe wakitenganishwa na pazia. Nayo macho hayakungoja: moja lilikuwa limeshafunga, la pili lilimwonyesha watu kama moshi. Daktari alikuwa amempangia Jumatatu.

Mbao nilikuwa nazo, ila zilikuwa bado ndani ya mti. Upepo wa msimu uliopita uliangusha mti wetu wa grivelia kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata mbuzi hufikiria kwanza kabla ya kushuka. Gogo lisingetoka pale. Msumeno ndio ungelifuata. Na mimi, ambaye nikienda kufunga banda la kuku najiona nimesafiri, ilibidi niteremke Bwera mjini kuutafuta.

Kwenye duka la kukodisha mashine niliipenda mara moja pawa so moja, msumeno wa injini, ndogo, nyepesi, ya rangi ya chungwa. Mwenye duka, mtu wa ng'ambo ya mpaka, alicheka.

“Papa, ile iko ya kukata matawi. Kupasua mbao inaomba nguvu. Chukua hii.”

Akaniwekea dude zito lenye bapa la kuzungushia cheni, refu kama mguu wangu. Mgongo ulianza kuniuma kwa kulitazama tu.

“Mpe hiyo kubwa,” mke wangu, niliyekuwa nimeongozana naye, akamwambia. “Yeye nitambeba mimi.”

Mwenye duka akaongeza tupa ya kunolea. Meno ya cheni hii, alisema, yamenolewa kimshazari, ya kukata gogo vipande. Nikitaka kulipasua kwa urefu, niyanoe upya, yawe karibu kunyooka.

Nyumbani alinisubiri jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, aliyejitolea kusaidia.

“Meno makali hivi unanoa nini? Washa!”

“Afande, mwenye duka amesema...”

“Washa!”

Nikawasha, naye akaipokea. Mashine ikanguruma, moshi ukatuficha, na badala ya vipande vya mti ukatoka unga. Cheni ikaenda ilikotaka yenyewe. Ubao wa kwanza ulikuwa godoro upande huu, chapati upande ule. Nikalitazama gogo lililobaki. Lilikuwa hilo hilo moja. Tukiharibu tena, mama atabaki mlimani na giza lake.

“Zima, afande,” nikasema. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Akazima.

Nikavuta kigoda, nikachukua tupa, nikaanza kunoa jino moja baada ya jingine, mkono uleule, pembe ileile, meno ya kushoto yote kisha ya kulia. Mke wangu akapita na beseni la nguo.

“Leo Mungu amekukumbuka. Kazi imekuja na kiti chake!”

Sikubisha. Kukaa ndicho kipaji changu. Nikaikaza cheni mpaka ikalikumbatia bapa lakini bado ikivutika kwa mkono, nikajaza oili. Afande, akiwa hana wa kumwamuru, akanyoosha uzi uliopakwa masizi juu ya gogo kuchora mstari, akapigilia boriti iliyonyooka kando yake ili mashine ipate njia.

Safari hii vilitoka vipande virefu kama tambi. Ubao ukalala pembeni taratibu. Afande akaukagua kwa jicho moja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Umenyooka,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kumpigia saluti mdogo wake. Nikarudi kwenye kigoda.

Mama alifika Jumapili, ukuta umeshasimama. Nikiwa nimejificha jikoni kwa heshima, nilimsikia akiupapasa ukuta kutoka chini hadi juu, akifunga komeo, akifungua, akifunga tena. Kisha akamwambia binti yake, “Haya. Nitandikie.”

Kesho yake alitibiwa. Siku ya kufunguliwa bandeji alirudi, akaingia chumbani kwake. Mimi nilikuwa upande wangu, nimejilaza, nimetega sikio.

“Kumbe mbao zenyewe ni nyekundu,” akasema.

Nikacheka ndani ya mto, asinisikie.

“Mkwe,” akaita kutoka ng'ambo ya mbao, “cheka vizuri, nyumba ni yako.”