Soko la Jumatatu Montparnasse

Nunziata alizaliwa Anticoli, kijiji cha milimani karibu na Roma ambako watu huishi kwa kuchorwa kama wengine wanavyoishi kwa kulima. Mama yake alichorwa kama Bikira Maria mpaka akazeeka, maana enzi zake wachoraji walipenda uso mpole na macho ya kutazama chini. Zamu ya Nunziata ilipofika, huko Paris, walitaka nyama: mabega, mikono minene, nyonga za kujaza kiti. Hayo Mungu hakumnyima.

Bintiye Ersilia ndiye aliyemkosesha raha. Alikuwa mrefu, mkavu, shingo imepanda juu. Kila Jumatatu asubuhi wachoraji walikuja kuchagua watu wa kuchora kando ya barabara ya Montparnasse, na yeye walimpita tu. Siku hizo hakujitazama hata kwenye kioo. Alisema yeye ni mbaya, basi.

Jumatatu moja Nunziata akamfunga matambara nyongani, ndani ya sketi.

“Mama, naonekana kama punda mwenye mizigo.”

“Punda mwenye mizigo ana kazi, wewe huna. Simama wima.”

Mchoraji mmoja kijana, Maubert, akasimama mbele yao. Akamzunguka Ersilia, akakunja uso.

“Hebu tembea.”

Alipopiga hatua, tambara likateleza mpaka kifundoni. Soko zima likacheka. Nunziata alitamani ardhi ipasuke immeze.

Maubert hakucheka. “Na la pili litoe, dada. Nilikuwa najiuliza shingo hii na nyonga zile zimekutana wapi. Mtu wa umbo lako nimemtafuta sana.”

“Si mgonjwa, bwana,” Nunziata akadakia. “Anakula huyu, tena anakula kweli.”

“Naona, mama. Ni mzuri.”

Ersilia akamgeukia mama yake. “Umemsikia?”

“Nimemsikia. Nenda, usimcheleweshe mwenzio.”

Nunziata akabaki amesimama pale mpaka soko likaisha. Wachoraji walimpita mmoja mmoja, hata wale waliozoea kumgombania. Njiani aliingia kanisani, akapiga magoti. Akashukuru kwa machozi kwamba macho ya watu hubadilika, na kwamba yamebadilika mwanawe angali kijana.