Mama Mreno na Kichochoro cha Alfama

Siku ya Jumanne alinipigia simu binti wa mama mwenye nyumba wangu wa zamani, yule Mreno wa Turffontein, hapa Johannesburg, aliyenipangisha chumba cha uani kwa miaka minne. "Mama ametutoka," alisema. "Alikuwa akikuulizia." Wasomaji wangu mniwie radhi, leo siasa zingoje.

Nilipobisha kwake mwaka 2015, wenye nyumba wawili walikuwa wameshanikataa mara tu waliposikia lafudhi yangu. Yeye aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Tanga. "Basi ingia, ila maji ya moto usiyamalize." Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alilalamikia harufu ya dagaa wangu mpaka siku alipowaonja; tangu hapo akawa anakuja na sahani yake. Jumapili jioni alinisimulia habari za kichochoro cha ngazi alikozaliwa, katika mtaa wa kale wa Alfama, Lisbon. Aliponiambia jina hilo asili yake ni Kiarabu, kwa ajili ya chemchemi za maji moto, niliruka: "Mama, hiyo si hamamu yetu, bafu la maji moto!" Alicheka hadi akapaliwa.

Baadaye majirani waliitisha mkutano, wakitaka wapangaji wote wa kigeni waondolewe. Nilisimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Mama akainuka, akiegemea kiti. "Kichochoroni kwetu walikaa Waarabu," alisema. "Wakaja mabaharia, wakaja Waafrika walioletwa kwa minyororo, kisha watu wa shamba kama babu yangu. Kila mara waliotangulia walisema waliokuja wameharibu mtaa. Nami nilipofika hapa, baba zenu walisema hivyohivyo. Mpangaji wangu haondoki." Mmoja alimzomea, wengine waliinamisha vichwa. Mkutano ukavunjika bila uamuzi, ingawa jirani wa kushoto hakumsalimu tena. Njiani nilijaribu kumshukuru. "Eish, nishike mkono," akasema, "magoti yananiuma."

Sisi wahamiaji hudhani habari za vichochoro tulikotoka hazina faida Johannesburg, hatuwasimulii hata watoto wetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hukumbuka hilo akikumbuka kwamba naye alikuja. Anayejua ni akina nani waliishi mtaani kwake kabla yake hawezi kuuita wake peke yake. Nami nililala salama miaka ile yote kwa sababu mwanamke mmoja aliijua historia ya kichochoro chake, na hakuona haya kuisema mbele za watu.