Gereji ya Bwiza

Nilikuwa wakili wa serikali. Kazi yangu ilikuwa kuiwakilisha manispaa ya Bujumbura mahakamani dhidi ya wafanyabiashara wasiolipa kodi. Vita vilikuwa vimeshaingia mjini. Asubuhi nyingine huko Musaga nilikokaa mabasi hayakutokea kwa sababu ya risasi za milimani, nikashuka mjini kwa miguu, viatu vya mahakamani nimevitia kwenye mfuko. Na direkta wetu bado alitaka mafaili mezani mapema, kana kwamba nchi ilikuwa salama.

Faili lililonichoma lilikuwa la fundi wa magari wa Bwiza, mzee Mwislamu aliyerithi gereji kwa baba yake. Wanajeshi walipowafukuza watu na kuufunga mtaa, alikimbia pamoja na majirani. Aliporudi alikuta mlango umeng'olewa na mashine zote zimebebwa kwa lori. Manispaa ikamdai kodi ya miezi ile ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga mtaani. Aliposhindwa kulipa, nikaagizwa niiombe mahakama imtangaze amefilisika, gereji iuzwe.

"Tunamtoza kodi ya mahali tulipomfukuza wenyewe?" nilimuuliza direkta.

"Sheria ya kodi haijui vita," alijibu. "Halafu, kiwanja kile kuna mtu anakitaka."

Alisema hivyo bila hata kushusha sauti. Mtu huyo sote tulimjua: mwenye maghala bandarini, ambaye faili lake mwenyewe la kodi nilikatazwa kuligusa.

Siku ya kesi mzee alikuja na mke wake, kanzu imepigwa pasi vizuri. Hakimu akamuuliza kama ana la kusema.

"Mi nilifukuzwa na bunduki, mheshimiwa. Sasa munaniuliza juu ya nini sikufanya kazi? Apana, mi si mwizi. Mwizi alikuja na kamyo akabeba vitu vyangu, na hakuna mutu anamuita hapa." Kisha akanigeukia. "We mama, siku ile we ulikuwa wapi?"

Nilikuwa chini ya kitanda na wanangu, Musaga.

"Manispaa inashikilia ombi lake?" hakimu aliuliza.

Nilisimama. "Kodi hii haidaiwi kwa haki. Naomba ombi lifutwe."

Hakimu akaahirisha kesi haraka haraka.

"Umepata wazimu?" direkta alifoka niliporudi. "Nani alikutuma umtetee?"

"Kiapo changu cha uwakili."

"Basi kale hicho kiapo!"

Wiki hiyo hiyo nilihamishiwa chumba cha kupokea barua. Mwenzangu aliimaliza kesi kwa kikao kimoja. Gereji ikauzwa, mnunuzi, yule yule mwenye maghala, akaizungushia ukuta, na mzee akaanza kutengeneza magari barabarani, amelala juu ya maboksi. Mke wake alinikuta sokoni akanishika mkono, akasema, "Mungu akulipe, mama." Heri angenitukana. Shukrani ile ilinikereketa kuliko matusi ya direkta.

Direkta alipokaribia kustaafu, ofisi ilichangishana kumnunulia zawadi. Karani akaja na bahasha mezani kwangu.

"Sitoi," nilimwambia.

"Dada, ni kidogo tu, usijiharibie."

Nikasimama, nikawaeleza wote chumbani habari za gereji ile, kwa sauti, mlango wa direkta uliotazamana na wetu ukiwa wazi. Bahasha ikahamia meza iliyofuata, na wenzangu wote wakatoa.